Papa Neema Anaenda Kuangalia Ndege

Siku ya posho, 4 octobre

Ameondoka tena. Bottes, kofia, jumelles, ile miwani ya kuvuta mbali, ku shingo. Chai ameacha nusu. Anaenda ku marais ya Ganshoren, ile mahali ya maji na matete, kuangalia ndege.

Ndege. Muntu wa bonde ya Ruzizi, mwenye alitupia ndege mawe utoto yake yote juu zisimalize muchele ya baba yake. Sasa, uku Bulaya, analipa métro juu ya kuzifuata. Bazungu, ndiyo, beko na congé mingi, banaangalia kila kintu. Lakini Papa Neema? Muntu mwenye anaosha masufuria ya maison de repos ya bazee semaine muzima, siku yake moja ya kulala anaamka mapema juu ya bata?

Nimeosha kikombe yake. Nimeenda ku salon. Nimesuka bamaman batatu na nimeongea na bote batatu. Kichwa yao ilikuwa mu mikono yangu, habakuwa na pa kukimbilia.

Madame ya cours du soir, masomo yetu ya mangaribi, alituambia: andikeni kila siku kidogo, mu luga yenu, mi sitasoma. Bon. Kama hasomi, naandika yenye iko mu roho. Bwana yangu eko na deuxième bureau. Muke wa pembeni. Sina preuve. Lakini niko na pua.

Siku ya yenga, 5 octobre

Misa. Ameimba vizuri, bila karatasi ya nyimbo. Zamani alikuwa anavala miwani, anafuata na kidole. Sasa anafunga macho na anaimba tu. Maman mumoja wa mbele aligeuka kumuangalia. Yeye akatabasamu. Sijui kwa nani.

Siku ya pili, 7 octobre

Maman Charlotte, patronne ya salon yetu mu Galerie, ile nyumba ya maduka. Muke wa Lubumbashi, mulomo yake haina frein, haisimame. Leo alinivuta nyuma ya rideau.

"Mama Neema, shemeki yangu ameshakuwa ministre?"

Nikauliza ministre namna gani. Akasema jana mangaribi alikutana naye Chaussée d'Ixelles, karibu na arrêt ya bus. Alimuita. Alimupungia mukono. Papa Neema alipita tu. Hata bonjour.

Ilinichoma. Kwetu muntu hapite muntu bila salamu. Hata adui unamusalimia kwanza, kisha munaendelea na uadui yenu. Mwanaume mwenye anaacha kusalimia bantu ya bibi yake eko anaficha kintu. Maman Charlotte alisema hivyo. Mi nilikuwa nimeshasema mbele yake, mu roho.

Siku ya tatu, 8 octobre

Siku ya papiers ya promotions. Kila semaine tunakaa ku meza, yeye ananisomea kuku ni bei gani, mafuta bei gani, mi naweka alama. Mi nasoma kidogo kidogo, herufi moja moja. Yeye alimaliza secondaire. Njo kazi yetu ya babili tangu zamani, napendaka.

Leo alinisukumia karatasi. "Soma wewe. Si uko mu cours?" Hakukasirika. Lakini hakutaka hata kuishika.

Hataki tena kukaa na mi ku meza. Naona hivyo.

Siku ya ine, 9 octobre

Nimesukwa mupya. Couleur ya shaba, inafika mu mugongo. Mu Chaussée bantu banageuka. Nimeingia mu nyumba, nimesimama chini ya lampe, nimezunguka mara mbili.

Ameuliza kama sombe iko tayari.

Nililia kidogo mu cuisine. Kisha nikakula, juu sombe ilikuwa nzuri.

Siku ya tano, 10 octobre

Leo nimesikia muke. Mu douche yangu.

Alijifungia mule na téléphone. Mi nilikuwa napanga mataulo mu couloir. Bon, nilikuwa nayapanga polepole. Sauti ya muke, Kifaransa ya mbio-mbio, hapumue, hacheke. Yeye hakujibu hata neno. Anasikiliza tu. Nikapiga mulango. Sauti ikakatika. Akatoka na uso ya mutoto mwenye ameiba sukari.

Nikauliza ni nani. Akasema ni téléphone.

Najua ni téléphone. Mi nauliza ni nani mu téléphone. Alishaenda mu chambre, na kiko ya mukono yake iligonga mulango mu kupita. Muntu mwenye roho mubaya hata mulango inamupiga.

Siku ya posho, 11 octobre

Nimemufuata.

Nilimudanganya naenda ku salon mapema. Nikamungojea Porte de Namur, pale chini ku métro. Akakuja na jumelles yake, akatembea karibu na ukuta. Tukaingia wagon moja. Nilifunika kichwa na kitambaa, nikajificha nyuma ya kijana murefu mwenye sac. Kisha kijana akashuka, kitambaa ikaanguka. Nikabaki pale mbele yake na shaba yote ku kichwa. Akaangalia upande yangu. Akaangalia dirisha. Hakuniona. Nilijisifu. Nikasema Mama Neema, uko fundi ya kujificha, police walikukosa.

Tukashuka ku arrêt ya Simonis, muke alikuwa anamungojea. Muzungu. Manteau ya kijani, nywele mufupi. Aliita jina yake, Papa Neema akageukia ile sauti na akacheka. Kisha muke akatoa mukono, na yeye akaushika, hapa juu ya kiko, polepole, kama bantu ya ndoa beko wanaenda mbele ya autel. Mi hajanishika hivyo mu barabara tangu Neema anazaliwa. Na Neema sasa eko mukubwa, anafanya kazi Liège.

Balipanda bus. Mi sikupanda. Nikarudi moja kwa moja ku salon na nikaambia Maman Charlotte yote. Maman mwenye anauzishaka perruques, nywele ya bandia, alikuwa pale. Ule wa makayabu, samaki ya chumvi, pia. Mbele ya kufunga, Galerie muzima ilikuwa inajua.

Alirudi na mukwaruzo ku paji ya uso. Anasema ni tawi. Mi nasema ni bwana ya ule muke.

Siku ya kwanza, 13 octobre

Bananishika mabega. Banasema pole, dada. Maman wa makayabu alinipa samaki kama niko mu kilio. Mafundisho ni mingi. Mumoja: usimupikie. Mwingine: mulete kwa pasteur. Maman Charlotte: "Enda kule ku matete yao. Ukamate ule muke nywele."

Nikasema nywele yake ni mufupi.

"Basi kamata masikio."

Tulicheka mpaka cliente alisema séchoir ya nywele inamuchoma kichwa.

Nikitoka pale sicheke. Tulikimbia vita pamoja na huyu mwanaume. Tulilala mu hema moja, Neema katikati yetu. Nilikuja uku bila kujua kuandika jina yangu, yeye njo alikuwa ananiandikia. Akienda, mi nabaki muke gani mu hii muji? Naogopa. Niandike tu: naogopa.

Siku ya tatu, 15 octobre

Nimemuambia: siku ya posho tunaenda bote.

Akatafuta kikombe yake ku meza, akaigusa, akaishika. Kisha akauliza: "Utaweza kunyamaza? Kule bantu habaongeake."

Nikasema najua kunyamaza.

Akacheka ile kicheko yake ya zamani. Nikamupenda na nikamukasirikia, yote pamoja.

Siku ya posho, 18 octobre

Nimechoka, lakini nitaandika yote. Nisipoandika nitapasuka.

Nilivala vizuri. Muke wa pembeni lazima akuone umevala vizuri. Liputa, kitenge yangu ya fête, manteau nyekundu, bangili, parfum. Mu sac thermos ya chai ya tangawizi na beignets, maandazi yetu, juu hata ukienda kugombana njaa itakuja.

Simonis, ule muke anangojea. Anaitwa Lieve. Nilimuangalia karibu. Mukubwa kuliko mi. Pua inatoka maji, soksi ameipandisha juu ya pantalon. Akanishika mukono na mikono yake mbili. Alisema Papa Neema anaongeaka juu yangu kila mara. Uongo, nikasema mu roho. Kisha akatoa tena ule mukono, na bwana yangu akaushika, mbele yangu, bila haya. Nikatembea nyuma yao. Nilikuwa naangalia masikio ya Lieve.

Marais, bon. Ukungu juu ya maji. Matete, majani ya njano, train inapita nyuma ya miti. Bazungu kama kumi, bote couleur ya matope. Mi katikati na manteau yangu kama feu rouge, taa ya barabara. Bangili ililia, muzee moja akanifanyia shhh. Nikaitoa, nikaitia mu sac. Nikasema pardon. Akanifanyia tena shhh juu ya pardon.

Kasuku za kijani zikapita. Hizo nazijua, ziko hata kwetu Ixelles, zinagombana mu miti kama bamaman ya soko. Zilipiga kelele mpaka mwisho. Hakuna mwenye alizifanyia shhh.

Kisha ndani ya matete kintu ikalia. Kama ngurube mwenye anachinjwa. Nilimushika muzee wa shhh. Papa Neema hata hakuruka. Akainamisha kichwa. "Râle d'eau," akasema polepole. "Ziko mbili. Moja hapa, ingine kule nyuma." Bazungu bote na jumelles mbio. Habakuona kintu, lakini habakuuliza. Balimuamini. Moja akaandika. Kisha ingine ikaimba ku muti, kidogo, sauti ya maji mu chupa. "Rouge-gorge." Bantu wakatingisha kichwa. Lieve alimuangalia na fierté, anajisifu juu yake. Ile fierté ilikuwa ya mi kuwa nayo, si yake.

Tukaendelea. Njia ikawa nyembamba, na bo babili mbele, kichwa karibu na kichwa. Lieve ananong'ona. Papa Neema anatingisha kichwa. Ananong'ona tena. Ile kunong'ona sikuweza. Nikatembea na vidole vya miguu mu matope, nikakaribia mpaka nasikia pumuzi yao. Nilitaka kusikia ile maneno, niipeleke muzima kwa Maman Charlotte.

Nilisikia.

"Racine." Muzizi.

"Boue, à gauche." Matope, kushoto.

"Marche." Ngazi.

Papa Neema akainua muguu, akatafuta ngazi na ncha ya botte, akaipata, akapanda.

Nilisimama. Nikasema labda nimekosea. Tukafika ku daraja ya mbao. Héron ilikuwa pale, ile ndege ya majivu, murefu kama mutoto wa école, karibu sana, kimya kabisa. Bazungu bote bakaelekeza jumelles. Papa Neema akaelekeza yake pia. Upande ingine. Ku maji mutupu.

"Magnifique," akasema.

Yote ikarudi mara moja. Maman Charlotte ku arrêt ya bus. Karatasi ya promotions. Shaba yangu chini ya lampe. Métro. Mi si fundi ya kujificha.

Sikuongea. Mi, sikuongea. Nilienda upande yake ingine, nikamushika mukono. Akajua ni mi, juu ya parfum.

"Geuka kidogo," nikamuambia mu sikio. "Kuume. Tena. Iko pale."

Akageuka. Akakaa hivyo murefu sana. Sijui kama alipata kintu. Sikuuliza.

Kurudi, Lieve kushoto, mi kuume, yeye katikati kama président. Mi nikawa nasema: muzizi, matope, ngazi. Beignets zote zimeisha. Lieve alikula ine. Masikio yake iko salama.

Siku ya yenga, 19 octobre

Hatukuenda misa. Tulikaa ku meza.

Docteur anaita glaucome. Jicho ya kushoto imeshaisha. Ya kuume anaona kama mu bomba, mbele tu, kadogo. Anatiaka matone, anaficha chupa mu casier, kabati yake ya kazi. Matone yanazuia isiende mbio. Yenye imepotea hairudi. Lieve ni bénévole, halipwe, anatembezaka bantu ya macho mubaya, anabafundisha kusikiliza ndege. Papa Neema hakufundishwa mingi. Ku muchele ya baba yake alikuwa anasikia ndege mbele ya kuiona, bila hivyo alikuwa anachelewa na anapigwa. Na ile sauti ya douche ni téléphone yenyewe. Inamusomea messages.

Nikauliza sababu gani hakuniambia mi. Nilikuwa na hasira ya kweli.

"Juu ungeambia Maman Charlotte. Na Maman Charlotte akijua leo, Uvira kwetu inajua kesho."

Ni hivyo.

Kisha akanikumbusha kaka yake mukubwa, Anselme. Macho yake pia ilikufa. Familia ilikaa, ikatafuta nani amemuloga. Balionyesha kidole shangazi yao, mujane. Bintu yake balitupa mu barabara. Alikufa kwa majirani. Docteur wa uku alimuambia Papa Neema hii ugonjwa inatembea mu damu, baba na batoto, hakuna mwenye anatuma. Lakini enda ueleze hiyo Uvira. Macho ya pili mu nyumba moja. Batatafuta tena. Na mwenye amebaki kule wa kuonyesha kidole ni mama yake. Eko na miaka makumi munane na kupita, peke yake mu parcelle yake, na kuku zake.

Nikaapa nitafunga mulomo. Neema tu tutamuambia. Yeye hana Galerie.

Kisha ilibidi nimuambie Galerie inajua nini tayari. Muzungu wa manteau ya kijani. Deuxième bureau. Nikaogopa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka alishika meza.

"Na hii magoti yangu?"

Akauliza kama Lieve ni muzuri. Nikasema soksi yake iko juu ya pantalon. Akafikiri kidogo.

"Baache baamini. Mi napenda baseme niko na banawake kumi."

Siku ya kwanza, 20 octobre

Maman Charlotte alikuwa ku mulango na kichanuo mu mukono, ananingojea. Bote banangojea. Hata cliente mwenye sikumujua.

"Alors? Masikio?"

Nikasema nimemuona. Nikasema banaendaka pamoja siku ya posho, na mi nimekubali.

"Umekubali? Wewe, Mama Neema?"

Nikasema nimekubali. Nikachukua kiti.

Maman Charlotte akasema wanaume ya Kivu banakula bibi zao akili. Ule wa perruques akasema angekuwa ni yeye, angechoma zile jumelles. Maneno iko hapa ku ulimi yangu, muzima, tayari: eko kipofu, si malaya. Neno moja na bote bangelia na mi. Nikaimeza. Mulomo iliniwasha siku yote. Nilisuka muntu mwanzo mpaka mwisho bila kuongea. Aliniuliza kama niko mugonjwa.

Mu kutoka nilisikia nyuma: bibi mujinga. Inauma. Naandika uku, juu sina mahali ingine. Lakini leo mangaribi mama mukwe yangu amelisha kuku zake, na hakuna mwenye amemusumbua.

Siku ya posho, 25 octobre

Lieve eko na mafua. Tumeenda shiye babili, karibu tu, ku étangs d'Ixelles, yale maziwa kidogo. Baridi. Majani ya njano ku banc, niliipangusa. Chai. Nilimusomea karatasi ya Lieve yenye iko na majina ya ndege. Grè-be. Fou-lque. Nilichukua murefu. Alingojea, hakunisaidia.

Tumepatana kazi. Yenye inalia, yeye ananiambia. Yenye inanyamaza, mi namuambia. Tulikaa hivyo asubui muzima. Nyuma yetu bantu wanapita na imbwa zao. Maman mumoja wa chorale alipita pia. Nikamunong'oneza Papa Neema jina ya ule maman, akainua kofia, akamusalimia vizuri kabisa. Maman alifurai.

Kisha héron ilikuja ku kando ya maji. Nikamuambia. Akauliza inafanya nini.

Nikaangalia vizuri mbele ya kujibu. Haifanye kintu, nikasema. Imesimama. Inatuangalia.

Akainua kofia tena, upande ya bata. Nikamugeuza bega kidogo. Akasalimia.